Mchezo wa Kutogeuka

Wazima walipoimba, pazia likafunguka,
Wafu wakaja sambamba, mmoja akageuka.

Jua lilikuwa linazama tulipofika mlango wa nyuma wa ukumbi, mimi na wifi yangu, kila mmoja na furushi la mashuka meupe kifuani. Mashuka hayo yalikuwa mavazi ya wafu. Kikundi cha wachekeshaji kilikuwa kinaonyesha mchezo wa nyimbo na mizaha uliotokana na ngano ya Wagiriki wa kale: mwimbaji anashuka kuzimu kumfuata mkewe, anaruhusiwa kumtoa, ila kwa sharti kwamba yeye atangulie na asigeuke nyuma hata mara moja. Katika ngano anageuka, mke anapotea. Katika mchezo, watu hushika mbavu.

Kufua na kupiga pasi ndiyo kazi yetu. Duka lilikuwa la mume wangu. Tangu tumzike nimekuwa nikilifungua asubuhi na kulifunga jioni, na yaliyo katikati siyakumbuki. Msibani sikulia. Watu walingoja nilie, wakachoka kungoja, wakaenda makwao. Aliyelia ni wifi. Alifika akiwa amechelewa, kaka yake amekwisha kufunikwa uso, na jambo hilo la kutoagana naye lilimkaa kooni.

Msimamizi wa kikundi alitupokea kwa mikono miwili.

"Dada zangu, mmeniokoa! Ila shuka moja nitundikieni hapo msumarini, halitavaliwa leo. Mfu wangu mmoja anaharisha."

"Mfu anaharisha?" wifi akadakia. "Basi huyo ana nafuu kuliko wenzake."

Msimamizi alicheka hadi akakohoa, akatupa viti viwili vya mbele, bure. Mimi nilitaka kurudi nyumbani. Wifi akanishika mkono.

"Kaa, wifi. Ucheke hata kwa kuibia."

Nililitundika shuka msumarini kwa mikono yangu mwenyewe, tukaenda kuketi.

Mchezo ulianza. Mfalme wa kuzimu alikuwa bwana mnene mwenye taji la bati, akilalamika kwamba wafu hawalali, kazi yao ni soga tu. Mbwa wake wa vichwa vitatu alikuwa wanaume wawili ndani ya blanketi moja. Kichwa cha tatu kilikuwa boksi, nacho kilianguka, mbwa akakiokota na kukiomba radhi. Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Nilikisikia kicheko hicho kama kinachotoka nyumba ya jirani.

Kisha wafu wakaingia kwa mstari, wamefunikwa gubigubi, wakiimba:

Huku kwetu hatufui, nguo moja yatutosha,
Wala joto hatujui, hakuna wa kutuchosha.

"Hawa wakizidi, tutafunga duka," wifi alininong'oneza.

Akacheka.

Akaacha kucheka.

Hapo ndipo harufu iliponifikia. Haikuwa ya jasho, wala ya vumbi la pazia. Ilikuwa harufu ya dawa ya kuchua, ile niliyokuwa nikimpaka mume wangu kifuani siku zake za mwisho...

"Wifi," akaita kwa sauti ndogo. "Yule wa mwisho."

"Ana nini?"

"Shuka lake halina uzi."

Kila mteja wetu nguo zake huwa na alama ya uzi kwenye pindo, zisichanganyike. Uzi wa kikundi hiki ulikuwa wa buluu. Vitu vya nyumbani kwetu hatuvitii uzi.

"Niliunguza moja kwa pasi," wifi akasema, macho hayabanduki jukwaani. "Nikaogopa kukwambia, ulivyo siku hizi. Nikachukua la kabatini mwenu. Pamba yake inafanana..."

"Lipi?"

Akashika pindo la kanga yake.

"Lipi, wifi?"

"La kaka. Alilofia."

Kupitia upenyo wa pazia nilitazama msumari. Ulikuwa mtupu. Na mfu wa mwisho hakuwa akiimba. Alisimama tu, mrefu kuliko wenzake, kitambaa kimemlalia usoni bila kupanda wala kushuka. Ningesema niliogopa. Sikuogopa. Nilimtazama kama ninavyotazama nguo ya mtu nikikisia ni ya nani.

Mara mvushaji wa mto wa wafu akashuka jukwaani, kasia begani, akawaambia watu kwamba mwimbaji wao ni mwoga, hivyo wanatafuta mwingine miongoni mwa watazamaji. Akasimama mbele yangu.

"Wewe mama wa mbele usiyecheka! Kuzimu tunakufahamu. Njoo uchague mfu wako, utangulie hadi mlango mkubwa. Ukifika nje bila kugeuka, ni wako kabisa, mchukue akakuoshee vyombo!"

Watu wakapiga makofi. Nikasimama. Nikamwonyesha yule wa mwisho.

Akashuka. Nilimpa mgongo nikaanza kutembea katika njia ya katikati ya viti. Ndiyo raha ya mchezo wenyewe: ukumbi mzima hujitahidi kukugeuza.

"Mama, mwenzio anamkonyeza jirani yako!"

"Geuka, kaacha viatu!"

"Hata viatu hana, mfu gani huyu!"

Nyuma yangu hapakuwa na sauti ya nyayo. Palikuwa na shuka tu. Shuka lililotiwa wanga hukwaruza likitembea. Krrr... krrr... Harufu ya dawa ikanijaa puani.

Kisha akanigusa begani.

Katika chumba cha kupigia pasi mvuke hufoka mno, sauti ya mtu haisikiki. Mume wangu alipotaka jambo hakuniita. Alinigusa bega kwa vidole viwili, taratibu. Nikawa najua. Miaka yote tuliishi hivyo, na watu wakadhani tumenuniana.

Vilikuwa vidole viwili.

Vya baridi.

"Ni wewe?" niliuliza, midomo haikufunguka vizuri.

Vidole vikabonyeza.

Nilitaka afike mlangoni. Lilikuwa jambo la kwanza nililolitaka tangu msiba. Sikutaka kumwona uso, wala sikujiuliza ningempeleka wapi akiwa hivyo. Nilitaka tu tutoke, yeye nyuma, mimi mbele. Kelele zilizidi, nami nikazidi kutazama kitasa cha mlango. Kikakaribia. Nikakishika.

"Kijiti!"

Ilikuwa sauti ya wifi. Haikuwa na mzaha hata chembe. Jina hilo alimpa kaka yake utotoni kwa wembamba wake, na hapakuwa na mwingine duniani aliyelitumia.

"Kijiti... hata kuniaga?"

Sharti lilikuwa langu. Mimi ndiye nisigeuke. Hakuna aliyesema lolote juu ya yule anayefuata.

Vidole vikatoka begani.

Nikasikia shuka likikwaruza, polepole, likizunguka.

Mimi sikugeuka. Nilisukuma mlango, nikavuka kizingiti, na hapo taa za ukumbini zikazimwa kama zinavyozimwa kila mchezo unapofika mwisho. Gizani watu walishangilia. Hewa ya nje ilinipiga usoni. Kitu kikanipita ubavuni, nikadhani ni upepo. Taa zilipowaka nilitazama ndani. Shuka lilikuwa chini, katikati ya njia. Kiti cha wifi kilikuwa kitupu.

Msimamizi alinijia mbio, jasho likimtiririka.

"Mama, umetuweza! Haijapata kutokea mtu afike mlangoni! Na yule mliyemleta achukue nafasi ya mgonjwa wetu, yuko wapi nimshukuru?"

"Hatukuleta mtu."

Akatabasamu, akingoja nimalizie utani. Niliporudia maneno yale yale, tabasamu likamtoka, akakumbuka kwamba ana kazi nyuma ya pazia.

Nikamuuliza mkata tiketi, mzee aliyekuwa akiketi kibandani karibu na mlango, kama amemwona wifi yangu.

"Yule binti mcheshi? Si ametoka sasa hivi. Yeye na bwana mmoja mrefu, mwembamba. Wameshikana mikono kama watoto wa shule, wanacheka wenyewe kwa wenyewe."

"Wametokea mlango upi?"

"Kwani iko milango mingapi? Wa nyuma nimeufunga mimi. Wamepita hapo hapo uliposimama, mama. Yule bwana ameomba njia kabisa. Amekugusa bega, nawe ukampisha."

Nilitazama barabara. Palikuwa na gari limeegeshwa, na paka juu yake. Nilimwita wifi. Nilimwita mume wangu kwa jina lake. Kisha nikaita Kijiti, na kinywani mwangu likawa jina la mtu nisiyemjua. Nyumbani kitanda cha wifi hakikulaliwa usiku ule, wala hakijalaliwa tangu hapo.

Watazamaji walitoka wawili wawili, wakinipongeza. Wachekeshaji wakatoka na maboksi yao. Mkata tiketi akatia kufuli, akanitakia usiku mwema, akaenda zake.

Mlangoni nilibaki nimesimama mimi.