Kelele za Njiti

Kila alipotoka shuleni, Kasuku alipitia wodi ya watoto wachanga. Alinawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, kisha akaketi karibu na mama yake, aliyembeba mdogo wake kifuani, ngozi kwa ngozi. Mtoto huyo alikuwa njiti, yaani alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Mwili haba, lakini kwa kelele, loo, alimshinda dada yake! Na dada huyo hakuitwa Kasuku bure.

Siku hiyo mama alikuwa amesinzia kwa uchovu. Shangazi, aliyeketi kando ya kitanda, alikuwa akitabasamu.

"Leo katulia tuli, hata maziwa hakuyataka. Keshaanza kuwa na adabu!"

Kasuku aligusa mguu wa mtoto. Ulikuwa wa baridi. Pua zake zilitanuka kila alipovuta pumzi.

"Shangazi, nimwite muuguzi?"

"We mtoto! Muuguzi ana kazi chungu nzima. Hebu funga huo mdomo."

Tangu lini mtoto akambishia shangazi? Lakini mdogo wake akifa je?

"Nisamehe, shangazi," alisema, akatoka mbio.

Muuguzi alimtazama mtoto mara moja tu, akamwita daktari. Maambukizi yalikuwa yameingia kwenye damu. Mtoto akawekewa oksijeni na dawa ya mshipani.

"Daktari, mwanangu atapona?" mama aliuliza huku machozi yakimlengalenga.

"Mama, siwezi kukuahidi. Ni mdogo mno, na ugonjwa ni mkali. Akipata joto, akipumua vizuri na kutaka maziwa, hapo nitasema ndiyo. Ila tumemuwahi."

Siku zilizofuata Kasuku hakuwa na neno, hata darasani wenzake wakashangaa. Kisha jioni moja, mikono ikiwa bado na povu, alisikia kilio kutoka wodini. Alisimama. Akatega sikio. Kilio kikali, cha hasira, kisichokoma!

"Huyo ni wetu!" alipiga kelele.

Daktari alitoka akicheka. "Sasa nasema ndiyo."

Shangazi alimkumbatia Kasuku. "Na mimi nilikwambia ufunge mdomo! Nisamehe, mwanangu."

"Mtoto mchanga hana maneno," daktari alisema. "Akipoa, akikataa kunyonya, akitulia kupita kawaida, msisubiri. Semeni. Kumheshimu mkubwa si kunyamaza mbele ya hatari. Binti, umemwokoa mdogo wako."

Kasuku alitembea kifua mbele mpaka kitandani kwa mama. Njiti akalia tena, wodi nzima ikasikia.

"Jamani," shangazi alisema akifuta machozi, "kasuku wawili nyumba moja! Usingizi tutaupata wapi?"