Sadaka Iliyorudi Farmasi

Zubeda hakuwa mtu wa kutupa kitu. Gauni likichakaa, aliligeuza pazia. Pazia likichakaa, aliligeuza tambara la kudekia. Pale mtaani Ngagara majirani walimtania kwamba hata maji ya kuoshea mchele huyatafutia kazi.

Basi arobaini ya mama mkwe wake, Bi Kaltum, ilipofika, Zubeda aligawa vitu vya marehemu kwa moyo mkunjufu. Kanga akapewa huyu, msala akapewa yule. Vyote vilikuwa sadaka, ili marehemu apate thawabu. Mwisho likabaki kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na vidonge tele.

Bi Kaltum alikuwa na ugonjwa wa sukari, na tena alikuwa na presha. Vidole vyake havikuwa na nguvu. Kwa hiyo Zubeda alikuwa akimtolea vidonge vyote kwenye karatasi zake na kuvichanganya koponi. Kopo lilikaa kwenye rafu juu ya jiko la makaa. Bi Kaltum alivijua vidonge vyake kwa kuvitazama tu. Zubeda hakuvijua, ila alidhani anavijua.

"Kutupa dawa ni israfu," alimwambia binti yake, Hayat. "Mungu hapendi."

Mwanne, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mgonjwa wa presha. Zubeda akamhesabia vidonge vyeupe kumi.

"Marehemu alikuwa anakunywa kimoja asubuhi," akamwambia. "We mwombee dua tu."

Atumani, fundi wa magari, alilalamika mgongo. Naye akapewa vidonge sita, ambavyo Zubeda alidhani ni vya maumivu. Zubeda akalala usingizi mtamu, maana ametenda wema.

Kesho yake, kabla ya saa sita mchana, alimkuta Mwanne amekaa mlangoni pake. Jasho lilikuwa limelowesha kitenge chake. Mikono ilimtetemeka.

"Mwanne, uko na nini?"

"Marwa ametoka shule?" Mwanne akauliza.

Zubeda akashtuka. Marwa ni binti wa Mwanne, na aliolewa mtaa wa Mutakura miaka mitano iliyopita. Ana watoto wawili!

"Hayat! Kimbia farmasi, umwite Houda!"

Houda alikuwa mfamasia wa farmasi ya pale kona. Alikuja mbio, akamshika Mwanne mkono.

"Leo amekunywa dawa gani?" akauliza.

Zubeda angeweza kunyamaza. Lakini alimtazama Mwanne, rafiki yake wa miaka yote, akaona afadhali aibu kuliko msiba.

"Ni mimi nilimupa," akasema. "Dawa za marehemu."

Akaleta kopo. Houda akamwaga vidonge kwenye sinia na kusoma herufi ndogo zilizochorwa juu yake.

"Mama Hayat, ona. Hiki ni cha tansiyo, hiyo presha. Hiki ni cha diabeti, ugonjwa wa sukari. Vyote vyeupe, vyote vya duara. Umemupa cha diabeti, na yeye hana diabeti. Sukari ya damu yake imeshuka sana."

"Ya Rabi! Atakufa?"

"Bado anaweza kumeza. Leta maji ya sukari, upesi. Angekuwa amezimia, tusingemutilia kitu mudomoni."

Mwanne akanywa pole pole. Baada ya muda macho yake yakatulia, akamtambua Zubeda.

"Kwa nini unalia, Mama Hayat?" akauliza.

"Sasa hospitali," Houda akasema. "Dawa hii inakaa mwilini. Sukari inaweza kushuka tena."

Teksi ikaitwa. Hayat akapanda na Mwanne. Houda akamgeukia Zubeda.

"Nani mwingine ulimupa?"

Zubeda akamkumbuka fundi. Atumani! Lakini sadaka hairudishwi. Tangu utotoni alifundishwa hivyo, na mtu anayedai alichokitoa hudharauliwa mtaa mzima.

"Nitamwambia nini?" akauliza.

"Mwambie ukweli. Kimbia kwanza."

Zubeda akakimbia, ushungi ukimwanguka mabegani. Atumani alikuwa anachungulia injini.

"Atumani, nirudishie zile dawa!"

Fundi akacheka. "Mama Hayat, tangu lini sadaka inarudishwa?"

"Tangu leo. Nichukie, lakini nipe. Umekunywa?"

Atumani aliacha kucheka. Akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni. "Bado. Nilikuwa nangoja nile kwanza."

Zubeda akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Vyote vilikuwepo. Akakaa juu ya tairi kuukuu na kumshukuru Mungu kwa sauti, mbele ya mafundi wote.

Jioni alipeleka kopo farmasi, pamoja na vidonge vya Atumani na vile tisa vya Mwanne.

"Utawapa masikini?" akauliza. Bado hakupenda viharibike bure.

"Apana, mama. Dawa ikishatoka hapa, mi sijui ilikaa wapi. Hii ilikaa juu ya moto. Joto linaharibu dawa hata kama tarehe yake bado. Tunaitia katika sanduku la dawa zilizokwisha muda, inapelekwa kuteketezwa mahali panapofaa."

"Basi ningeitupa chooni?"

"Apana. Inaingia katika maji."

"Ningechoma nyumbani?"

"Apana. Moshi wake ni mubaya. Lete hapa. Ukiwa mbali, uliza farmasi ya huko au kituo cha afya kama wanapokea. Na dawa unayotumia, iache katika boksi lake. Boksi lina jina na tarehe. Iweke pakavu, pasipo joto, mutoto asifike. Na dawa ya mutu mumoja si ya mutu mwingine, hata mukiugua ugonjwa mumoja."

Usiku ule Zubeda alitafuta dawa zote za nyumba yake. Zilizopita tarehe akazitenga za kurudisha. Nyingine akazifungia kabatini chumbani, kila moja ndani ya boksi lake.

Mwanne alirudi baada ya siku mbili, anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Zubeda akamshika mikono.

"Nisamehe, dada. Nilitaka kumupatia marehemu thawabu, kidogo nikuue wewe."

"Na mi nina kosa," Mwanne akasema. "Dawa zangu zilikwisha tangu mwezi jana. Nilikuwa siendi kupimwa, na sasa hospitali wanataka nirudi wapime presha. Nikiingia pale peke yangu naogopa, moyo unapiga hata kabla dokta hajanigusa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Zubeda akamwachia mikono. Akaingia ndani, akavaa viatu vyake vya kutokea, akarudi mlangoni.

"Twende," akasema. "Nitakaa pembeni yako mpaka wamalize kukupima."

Mwanne akamtazama, akacheka, akampa mkono.

"Mama Hayat," akasema, "sadaka hii naipokea."