Lindo la Saa ya Kikosi

Ufunguo wa kuijaza saa ile ulipotea zamani, kabla hata Jairo hajakabidhiwa, lakini tangu alipoiweka juu ya kabati sebuleni kwake Chapwa, saa ilitembea.

"Labda ilitikisika njiani," Jairo alimwambia mkewe, Elina.

Ilikuwa saa ya kale ya mbao nyeusi ambayo kikosi chake cha jeshi kiliirithi kwa wakoloni. Wenzake walimpa walipomuaga alipostaafu usajinimeja. Elina aliipenda, hadi sebule ilipoanza kunuka dawa ya viatu na udongo mbichi. Saa ikigonga, Jairo alikwenda mlangoni akasimama wima, mikono ubavuni. Mwanzo alisimama kidogo tu. Baadaye hakuondoka tena, na miguu yake ikavimba ikapasuka.

"Baba Ipyana, kaa japo unywe uji," Elina alimsihi, bakuli mkononi.

"Siwezi. Sijapokelewa lindo."

"Lindo gani? Umestaafu."

Machozi yalimtoka Jairo, uso usibadilike.

Mchungaji alikuja akaomba, akaondoka saa ikigonga. Elina akaitupa jalalani, na aliporudi akaikuta juu ya kabati. Ndipo akamwita Shehe Sufiani, mzee wa pale mjini aliyezoea kuwasomea wenye majini.

Shehe alifukiza ubani, akasoma taratibu, na alipofika katikati ya kisomo saa ikanyamaza, na katika ukimya ule Elina akasikia buti zikitembea sebuleni, polepole, kama za mtu aliyechoka kupita kiasi, zikipita nyuma ya kiti chake, zikipita mbele ya shehe aliyekuwa amefumba macho, hadi zikasimama kando ya mumewe, na kinywa cha Jairo kikafunguka kikatoa sauti isiyo yake.

"Waliniweka nilinde, wakaondoka wote. Hakuna aliyekuja kunipokea."

"Mwache mja huyu, uende zako," shehe alisema kwa sauti ya chini.

"Huyu amekwisha. Mwingine akisema amepokea, huyu nitamwacha."

"Usimjibu, mama," shehe alinong'ona. "Hawa ni waongo. Nipe muda, nitarudi nimsomee tena."

Elina alitazama miguu ya mumewe, majimaji yakichuruzika sakafuni. Yeye pia alikuwa amechoka, kwa kumlisha, kumfuta, kukesha naye. Lakini uchovu wake bado aliweza kuubeba. Wa Jairo ulikuwa unamuua.

"Nimepokea," alisema.

Jairo alianguka kama gunia. Shehe alimdaka kichwa, na kabla hajamlaza vizuri kwenye mkeka, mzee wa watu alikuwa anakoroma, kinywa wazi.

Shehe alirudi kwenye kisomo chake, akaanza upya. Saa ikagonga. Aliposikia nyayo zikielekea mlangoni aliinua uso.

"Mama," alisema, "njoo ukae."

"Punguza sauti, shehe," Elina alinong'ona, akiwa amesimama wima mlangoni, mikono ubavuni. "Mwache alale."