Mtende Mjane wa Makole

Harufu ya unga uliokandwa ilianzia chumbani, saa saba mchana, siku ambayo jikoni kwa Restuta hapakuwa na unga hata wa kiganja. Akaifuata mpaka kitandani. Kwenye mto wa mumewe, Optatus, palikuwa na vumbi jeupe, laini kama poda.

"Umejipaka nini kichwani?" akamuuliza jioni.

"Nijipake kwa nywele zipi, Resti?" Optatus akacheka, akipapasa upara. Hakucheka tena nyumbani humo.

Vumbi lile Restuta alilijua. Walipokuwa wakinunua kiwanja kile cha Makole, Bibi Sikudhani, mwenye kiwanja, alimpeleka uani penye mitende miwili, dume na jike. Kila kiangazi bibi alipanda ngazi, akakata shada la maua ya dume, lenye vumbi lake, akalifunga katikati ya maua ya jike ili lizae. Kazi hiyo aliiita kuozesha, kama anayefungisha ndoa.

"Jike hili lina mwenyewe ndani, jini wa kike," bibi alinong'ona. "Ametulia kwa kuwa ana mume. Niahidi hutawatenganisha."

Restuta alishika rozari yake akaahidi, maana bibi alikuwa bado hajaweka dole gumba kwenye karatasi ya mauzo.

Mwaka uliofuata maji yakawa ya mgao. Wakanunua tangi, na mahali pazuri pa kuliweka palikuwa pale liliposimama dume. "Lenyewe halizai hata tende moja," Restuta alisema, akampa Optatus shoka.

Basi baada ya vumbi lile la kitandani, makuti ya jike yakaanza kuchakarika mchana bila upepo. Optatus akawa anatoroka ofisini jua likiwa utosini, anapita sebuleni bila salamu, anakwenda kuukumbatia ule mti, shavu kwenye magamba, mikono ikivuja damu kwa miiba, akinong'ona maneno matamu ambayo mkewe hakuwahi kuambiwa hata siku ya harusi, na kila aliponyamaza, kutoka ndani ya shina ilisikika pumzi ya mwanamke anayesikiliza.

Restuta alikwenda kuungama kwa padre. Alilitaja shoka. Ahadi akaimeza.

Ndipo akaenda kwa Bibi Sikudhani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekata, siyo?"

"Nimekata. Nirudishie mume wangu."

"Nikipata maua ya dume kwingine nitamwozesha jike upya, atamwachia mumeo. Ila uliapa, mwanangu, na kiapo umekificha. Kitoe mbele ya watu wako, kila mtu asikie. Usikawie."

Watu wake walikuwa wanajumuiya wa kanisa, waliosali pamoja kila Jumamosi, naye ndiye mwenyekiti wao. Mwezi mmoja tu nyuma alimwondoa Tabu kwenye uhazini kwa sababu ya uongo mdogo aliousema, akamhubiria mpaka akalia. Jumamosi ya kwanza Tabu alikuwepo, Restuta akanyamaza. Ya pili akaja katekista. Restuta akasema moyoni, wiki ijayo. Ya tatu Optatus aliamka hajui kitanda anacholalia ni cha nani, na Restuta akapiga magoti mbele yao wote.

"Niliahidi nikiwa nimeshika rozari kwamba sitaitenganisha mitende, nikasema uongo. Tabu, nisamehe. Mimi ni mbaya kuliko wewe."

"Afadhali umejua," Tabu akajibu, akamsaidia kuinuka.

Alimpitia Bibi Sikudhani, wakarudi nyumbani mbio, shada la maua ya dume alilolipata bibi likiwa limefungwa kwenye kanga. Kwenye mlango wa uani bibi akasimama. Wiki tatu nyuma jike lilikuwa na maua tu. Sasa mikungu ilining'inia, mizito, myekundu.

Bibi akaokota tende moja.

"Jike asiye na mume akizaa, tende huwa hazina kokwa," alisema. Akaipasua kwa kucha. Ndani palikuwa na kokwa ngumu. Akajifuta mikono, akaliweka shada chini polepole.

"Tumechelewa, mwanangu. Ameshaolewa."

Chini ya mti Optatus alikuwa amekaa kwenye kigoda, upara mweupe kwa vumbi, uso mtulivu. Akawaona wakija, akainuka kwa adabu kama mwenye nyumba aliyejiwa na wageni.

"Karibuni, akina mama," alimwambia Restuta. "Mmefuata tende? Ngojeni kidogo, nimuulize mke wangu."