Njia Iliyofungwa kwa Tawi

Masudi, jirani yetu pale Tunduma, alikuwa dereva wa lori. Mkewe Mwasiti alipofariki, aliacha safari ndefu ili akae na binti yao Bushra, mtoto wa miaka sita. Usingizi ulimhama, akaanza kukimbia apate kuchoka. Lakini mjini kwetu utakimbilia wapi? Malori yamepanga foleni hadi mpakani, na vumbi lake ni la kutafuna. Basi kila alipopata nafasi alitoka nje ya mji kutafuta vijia penye miti na hewa ya Mungu.

Rafiki yake Yonathani, mkulima wa kahawa, akamwalika kwao Ihanda.

"Nyuma ya shamba letu kuna kilima chenye msitu, kaka. Vijia vyake laini kama mkeka. Ila ukikuta njia imefungwa, geuza."

"Imefungwa kwa geti?"

"Utaiona tu. Au madereva hamjui kurudi rivasi?"

Walicheka wote wawili.

Baada ya swala ya alasiri, Masudi alimwacha Bushra kibarazani kwa Bibi Tabita, mama yake Yonathani. Nywele za mtoto zilikuwa timutimu. Tangu mama yake azikwe, hakumruhusu mtu amshike kichwa. Akiona kitana tu, analia.

"Baba anarudi kabla ya magharibi," alimwambia.

Alikimbia vizuri. Ndege waliimba, udongo ulinukia mvua. Juu kidogo akakuta tawi bichi limelazwa katikati ya njia. Hakuona geti wala kamba. Na kwa dereva, tawi barabarani lina maana moja: mbele kuna gari bovu, punguza mwendo, pita. Akajisemea, lori gani limepanda huku? Akalisogeza kando, watu wasijikwae, akaendelea.

Kijia kilipinda, kikamrudisha kwenye tawi.

Akashika cha kulia. Kikamrudisha kwenye tawi. Akaacha vijia, akateremka katikati ya miti, huku akimwita Yonathani. Vichaka vilimchana mikono. Alipotokeza, tawi lilikuwa miguuni pake.

Ndege walikuwa wamenyamaza.

Nyuma yake akasikia vishindo vya miguu peku. Akikimbia, vinakimbia. Akisimama, vinasimama, ila kwa kuchelewa kidogo. Ikaja harufu ya kafuri, ile ile ya siku walipomvika Mwasiti sanda.

"Baba Bushra." Sauti ilikuwa ya chini sana. "Mtoto yuko wapi?"

Hakugeuka. Alianza Ayatul Kursi. Aliijua tangu utotoni. Ikamkatikia katikati.

Ubaridi ukampita begani. Ukateremka kilima.

Ndipo alipolikumbuka neno la Yonathani: njia iliyofungwa. Akaliinua tawi, akalilaza palepale alipolikuta. Miti ikawa kama imesogea. Shamba la kahawa lilikuwa hapo chini, karibu mno, kana kwamba halikuwahi kufichika.

Bibi Tabita alikuwa uani. Aliitazama mikono yake iliyochanika.

"Umelitoa lile tawi," alinong'ona. "Wiki hii tumempitisha marehemu pale, mwanangu. Kwetu, njia iliyopita jeneza hufungwa mpaka matanga yaishe. Wafu hawajuani kabila. Mlango ukiwa wazi, hutoka yeyote mwenye haja."

"Nimelirudisha, mama."

"Ulilirudisha kabla hakijakupita kitu, au baada?"

Masudi akamkumbuka mtoto. Alikimbilia ndani.

Bushra alikuwa amelala mkekani, anapumua vizuri. Nywele zake zilikuwa zimesukwa twende kilioni, mistari imenyooka, imebanwa kama alivyokuwa akibana Mwasiti.

"Nani amemsuka?"

Bibi Tabita alinyanyua vidole vyake vilivyopindwa na baridi yabisi. "Mimi hata kifungo sifungi. Na Yonathani yuko shambani tangu uondoke."

Mtoto akafumbua macho.

"Baba, leo sikulia," alisema. "Ila mikono yake ilikuwa ya baridi."

Nyuma ya sikio, ndani ya msuko wa mwisho, kulikuwa na jani moja limesukiwa humo. Masudi alilitoa akisoma dua, akaliweka kwenye kopo la bati. Juzi alinifunulia nilione. Mwaka wa pili huu, na bado ni bichi.