Kidole Ndani ya Kofia ya Kauri

"Jino limeng'oka Nchiru. Linateremka Embu."

Karwirwa alielewa fumbo la redioni, akavuta mafuta. Pikipiki yake, Yamaha, ikanguruma.

Mbele yake barabarani, Probox nyeupe ya Elphas, msaidizi wa maabara, ilibeba chupa moja ndogo ya wizi. Dawa ya Cicily, bosi wake, mtafiti wa meno. Ukiipaka ndani ya kofia ya kauri ya kufunika jino, kabla ya saruji ya kuigandisha, kofia haibanduki hata ukitafuna mahindi makavu. Cicily aliipika miaka tisa kwa pesa za viazi vya babake kule Kibirichia. Sasa mgeni kutoka ng'ambo alimngoja Elphas hotelini Embu, ainunue na kuipachika jina lake mwenyewe.

Si mara ya kwanza. Wageni kama yeye walibeba magome ya miti yetu, wakaturudishia vidonge vya kununua. Wanadhani tumesahau!

Karwirwa alikumbuka na lingine. Alikaa dawati moja na Cicily chuoni, darasa la kemia. Cicily akapewa maabara. Yeye akapewa bastola.

"Ukichelewa, imeenda," mkubwa wake wa polisi, Kobia, alisema kwa redio ya sikioni.

Chelewa basi, moyo ukamnong'oneza. Cicily naye akose, aone.

Alikaza mkono. Probox haikumpotea.

Saa nane mchana aliingia chumba cha mkutano cha hoteli kama mhudumu, amevaa aproni, sinia ya chai mkononi. Kifungo cha shati kilikuwa kamera. Elphas alikuwa amekwaruza kofia kwa asidi ili saruji ishike, ameosha, amekausha. Mgeni alishika koleo, tayari kujaribu kuibandua.

"Bosi, hiyo ndiyo imekwaruzwa?" Karwirwa aliuliza akimimina. "Mbona naona laini tu? Ama kuna fundi hufanya, wewe huosha vyombo?"

Uso wa Elphas ulivimba.

"Vyombo? Mimi?" Akasugua ndani ya kofia kwa kidole gumba. "Hii ni msasa, madam! Msasa!"

Mafuta ya kidole, na dawa haishiki penye mafuta. Cicily angemfukuza siku hiyo hiyo.

Akapaka dawa. Saruji. Akabandika kwenye jino la majaribio, akamulika taa ya bluu.

Mgeni akavuta.

Kofia ilitoka kama ganda la njugu.

"Umeniletea maji!" Mgeni alisukuma chupa, akafunga mkoba. Hata akiachiwa, hataitafuta tena.

Bastola ya Karwirwa ilimkuta mlangoni.

"Kaa chini, mzee. Chai inapoa."

Elphas alitoa mikono mwenyewe. "Miaka tisa, madam. Jina langu haliko hata kwa mlango wa maabara."

"Langu pia haliko," Karwirwa alisema, akamfunga pingu.

Askari walipoingia, alitia chupa mfukoni, akapiga simu.

"Cicily? Dawa yako iko salama. Kuja uchukue Embu, kituoni. Mimi si tarishi wako."

Akakata. Akavaa helmeti, akaondoka polepole kuelekea kituoni.