Juu ya Ramani

"Kucha, geti limefungwa. Umebaki ndani."

Kucha alikuwa kifudifudi ghalani, nyuma ya mapipa ya rangi, bastola ya Beretta mkononi, risasi mbili tu. Mfukoni alikuwa na viwashio alivyovinyofoa kwenye mabomu ya genge lililokuwa likimsaka. Mabomu yalikusudiwa bwawa linalonywesha mji mzima. Wakivipata viwashio, bwawa halifiki jioni.

"Nitafutie tundu, shemeji," akanong'ona kwenye redio yake ndogo.

Shemeji huyo, mdogo wa mkewe, ndiye mtaalamu wa ramani wa idara yao ya usalama. Alikuwa ofisini, macho kwenye kompyuta.

"Kwa mbali hivi, ghala ni nukta tu. Ngoja nikuze." Vitufe vikalia. "Sasa naona bati tupu. Picha ya satelaiti inaishia kwenye paa. Nahamia ramani ya michoro."

"Wanakuja."

"Nimekuza mno. Skrini nzima kijivu. Ngoja nirudi nyuma kidogo."

"Shemeji, mimi nakufa, wewe unavuta na kurudisha."

"Ukifa nitamwambia nini dada? Tulia."

Alitulia, ila moyo ulikataa. Alishatoka kwenye mengi, lakini leo aliogopa, na aliogopa kwelikweli. Milango yote ilikuwa na watu. Madirisha yalikuwa na nondo. Buti zilisogea, safu moja ya mapipa baada ya nyingine.

"Nimeipata njia. Ilijificha mpaka nikafika kipimo cha moja kwa mia tano. Nenda juu, mpaka mwisho. Utaona mfuniko."

Kucha aligutuka.

Sauti ya shemeji ilisikika mara mbili: sikioni mwake, na upande wa pili wa mapipa.

Walikuwa na redio ya masafa yale yale. Kila neno walilisikia.

"Anaenda paani," bosi wao akafoka. "Wote juu!"

Buti zikageuka, zikazipanda ngazi za chuma kwa kishindo.

Kucha hakuinuka. Anamjua shemeji yake. Kwake yeye, juu ni juu ya ramani, yaani kaskazini. Ndiye aliyewahi kumwambia mgeni kwamba choo kiko juu, katika nyumba isiyo na ghorofa. Mgeni alizunguka akitafuta ngazi mpaka akaaibika.

Lakini je, kama ameizungusha ramani? Hapo juu ingekuwa popote, hata kwenye ngazi walizopanda wale. Na kuuliza waziwazi ni kujichongea.

"Shemeji, juu ile ya yule mgeni wetu?"

Akasikia pumzi, kisha kicheko kidogo.

"Ile ile. Sijazungusha kitu."

Kucha akatazama dira ya saa yake, akatambaa kaskazini. Ukutani, chini ya magunia matupu, palikuwa na mfuniko wa chuma. Aliuinua kwa kucha na meno. Mfereji ulikuwa mwembamba, unanuka, mabega yakikwaruza pande zote mbili. Katikati alikwama. Akatoa pumzi yote, akasukuma, shati likachanika.

Akatokea nje, kwenye jua.

Askari walikuwa wamelizunguka ghala. Kamanda akamkimbilia.

"Viwashio?"

Kucha akamwekea kiganjani.

"Na genge? Tuingilie mlango gani?"

"Mlango wowote," Kucha akasema, akikung'uta matope. "Wako juu."

"Juu wapi?"

"Safari hii, juu kweli."

Akaondoka, mikono mfukoni.